Tukihesabu Viboko, Tunamhesabia Nani?

Kwetu Vitshumbi marabu anatembea katikati ya watu kama mwenye kijiji. Asubuhi mitumbwi inapofika, anasimama karibu na mama wauza samaki akingojea matumbo, na mama anamsukuma kwa mguu sawa vile angesukuma mtoto aliyekaa njiani. Usiku ni zamu ya kiboko. Anatoka ziwani, anapita nyuma ya nyumba, tunamsikia akitafuna majani, na kabla ya kucha amerudi majini. Mgeni akiuliza, «Hapa kuko viboko ngapi?», muzee wa kwetu anajibu: «Kuko.» Basi. Siyo kwamba hajui hesabu. Deni la mnunuzi wa samaki analijua mpaka faranga ya mwisho. Lakini kiboko hakuhesabiwa, sawa vile watoto hawakuhesabiwa.

Chama kilipotuomba tuandike juu ya desturi moja ya kwetu, tulichagua hii ya kutohesabu, kwa kuwa ndiyo iliyotuletea matata. Sisi tunaoandika ni wana wa Vitshumbi. Wengine wamebaki ziwani, wengine tuko Goma, hasa tangu Machi 2024 M23 ilipoingia kijijini na watu wakatawanyika. Hatukubaliani katika yote, na msomaji ataona.

Tuanze na desturi yenyewe. Katika nyumba nyingi za kwetu, ukimuuliza mama ana watoto wangapi, hapendi kutaja namba. Atakutajia majina, au atasema Mungu amempa. Kunyooshea watoto kidole, mmoja, wawili, watatu, ni kama kumwonyesha mwenye jicho baya mahali pa kupiga. Wafugaji wa pande zetu nao wengi hawapendi kutaja ng'ombe wao kwa namba. Wanawajua kwa rangi na kwa pembe, na jioni mmoja akikosekana hawasemi «amepungua mmoja». Wanasema fulani hajarudi. Vijana waliosoma wanaita hayo ushirikina. Sisi tunaona kuna akili ndani yake. Namba inakuambia ni wangapi wamekosekana, haikuambii ni nani.

Tena kuna sababu nyingine, na hiyo haina uchawi hata kidogo. Wabelgiji walipokuja kuhesabu watu, nyuma ya daftari ilifuata kodi, nyuma ya kodi ikafuata kazi ya lazima, na nyuma ya kazi ilikuwa fimbo. Fimbo ile ilikatwa katika ngozi ya kiboko, ndiyo maana katika Kiswahili mnyama na mjeledi wanaitwa jina moja. Tarehe 21 Aprili 1925 Parki iliundwa kwa jina la mfalme wao Albert, na katika miaka iliyofuata ikapanuliwa mpaka ziwani kwetu. Watu waliokaa kandokando waliondolewa; ugonjwa wa malale nao ulitajwa kama sababu. Baadaye zikaruhusiwa kambi tatu za uvuvi upande wa Kongo: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Kuvua ruhusa, kulima hapana. Mitumbwi ikapewa namba, ikapakwa rangi ubavuni. Basi muzee anayekataa kuhesabu anakumbuka kwamba kila mara mtu alipokuja na daftari, kuna kitu kilichoondoka naye.

Na wasifikiri ni watu tu walioumizwa na hesabu. Tuangalie ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili, upande wa Uganda, katika parki ya Queen Elizabeth. Wataalamu wa kule waliona ukingo wa maji umebaki udongo mtupu, majani yameisha. Wakahesabu viboko, wakasema wamezidi. Mwaka 1957 wakaanza kuwapiga risasi katika rasi ya Mweya. Mwaka 1961 kikafunguliwa hapo Mweya kituo cha utafiti kwa fedha za Nuffield ya Uingereza, mkuu wake akiwa Richard Laws, na kazi ikaendelea kwa miaka: maelfu ya viboko waliuawa, mizoga ikapimwa, meno yakachunguzwa ili kujua umri, nyama ikaliwa. Hatusemi walikuwa watu wabaya. Majani yalirudi Mweya, na mengi tunayoyajua leo juu ya uzazi wa kiboko yalitoka katika mizoga ile. Lakini tukimwambia muzee wa Vitshumbi hadithi hiyo, anacheka paka kidogo, anasema: «Si niliwaambia? Anayekuhesabu anakutafutia sababu.»

Viboko wenyewe hawakujua mpaka uko wapi. Hata jina la ziwa lilipobadilishwa katika miaka ya 1970 likaitwa Idi Amin, wao waliendelea kulala katika maji yale yale.

Hapo, kama tungetaka kuisifu desturi tu, tungesimama. Ingekuwa makala nzuri, na wazee wangefurahi. Lakini tungekuwa tumedanganya.

Mwaka 1974 viboko wa Parki ya Virunga walihesabiwa wakafika karibu 29,000. Hakuna mahali pengine Afrika palipojulikana kuwa na wengi hivyo. Mwaka 2005 ndege ndogo ikapita tena juu ya ziwa na mito, na hawakufika 1,000. Tuliza moyo, msomaji, usome tena namba hizo mbili. Kati ya miaka hiyo yote mgeni alipouliza, muzee aliendelea kujibu «Kuko», na haikuwa uongo. Walikuwako. Mtu anayeishi na kitu kinachopungua pole pole hakioni kinapungua, sawa vile hatuoni mama yetu anavyozeeka. Anayeondoka miaka kumi akarudi ndiye anayeshtuka. Daftari ndiyo ile macho ya aliyeondoka akarudi.

Sasa, nani aliwamaliza? Jibu la haraka ni vita, na ni kweli. Tangu miaka ya 1990 kila kundi lenye bunduki lililopita bondeni lilikula kiboko, na mwaka 2006 Mai-Mai waliua mamia katika muda mfupi sana. Lakini bunduki haili nyama tani nzima peke yake. Ile nyama ilishuka sokoni. Ilikuwa rahisi kuliko ng'ombe, mara nyingine rahisi kuliko samaki. Nani aliinunua? Tulinunua sisi. Wengine kati yetu tunaoandika hapa tulikulia juu ya nyama hiyo, tukalipiwa shule na biashara yake. Tunaandika hivyo kwa sababu tumechoka kusoma makala ambamo mwenye kosa ni mtu wa mbali siku zote.

Na tulijilipiza sisi wenyewe. Kiboko anakula nchi kavu karibu kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, halafu anaenda kujisaidia majini. Mavi yake yanalisha vitu vidogo vya kijani ndani ya maji, na tilapia anakula hivyo vya kijani. Wavuvi wa zamani walijua hilo bila kitabu. Walitega nyavu karibu na makundi ya viboko. Viboko walipoisha, tilapia nao wakapungua. Tusiweke yote juu ya hilo, hapana. Mitumbwi iliongezeka bila kipimo, nyavu zenye macho madogo zikaingia, watu wakatega hata mahali samaki wanazalia, ambapo kila mmoja wetu anajua ni marufuku. Kiboko ni sehemu ya sababu, nasi ni sehemu iliyobaki.

Tuje sasa kwenye kisa kilichotugawanya.

Kuhesabu viboko ni kazi ya majira. Kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, maji ya Rwindi, Rutshuru na Ishasha yanashuka na viboko wanasongamana katika mashimo ya maji yaliyobaki. Hapo ndipo mtu anaweza kuwahesabu. Hata hivyo si rahisi. Kiboko anazama dakika tano hivi, anaibuka mahali pengine, na wewe ulikwisha kumwandika. Kwa hiyo unakaa ukingoni, unangoja, unahesabu masikio, unaanza upya, unachukua hesabu iliyo kubwa. Ni kazi ya uvumilivu kuliko ya akili. Jua linachoma, mbung'o wanauma, na kiboko dume haombi ruhusa kabla ya kukufukuza.

Miaka michache kabla ya vita kufika kijijini, kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja, alitumwa na walimu wake kufanya kazi hiyo kiangazi kizima pamoja na wenzake. Wote walitoka mjini, yeye peke yake alikuwa mtoto wa ziwa. Alipewa daftari lenye mistari: tarehe, mahali, wakubwa, watoto, mizoga, na mwisho «dalili za ujangili». Aliambiwa aandike kila anachokiona.

Asubuhi moja alihesabu 43. Alifurahi, kwani kati yao kulikuwa na watoto, na kiboko anabeba mimba karibu miezi nane kwa mtoto mmoja tu. Kila kitoto ni kazi ya mwaka. Halafu akazunguka kona ya mto, akakuta mizoga miwili, mapaja yamekatwa, nyama imeondolewa. Na ndani ya matete, mtumbwi umefungwa. Ubavuni namba yake iko wazi. Ilikuwa namba anayoijua tangu utoto. Mtumbwi wa baba yake mdogo, yule aliyemlipia mwaka wa kwanza wa chuo.

Aliandika 43. Aliandika mizoga 2. Mstari wa mwisho akauacha mweupe.

Angenyamaza, hadithi ingeishia pale. Lakini hakulala. Siku ya tatu alikuja kwenye barza ya wazee, akakaa chini.

«Mwana, ulibaona?» muzee mmoja akamuuliza.

«Ndiyo, muzee, nilibaona.»

«Na mutumbwi uliuona?»

«Niliuona.»

«Uliandika?»

«Hapana, muzee. Ndiyo maana nimekuja.»

Tulibishana siku hiyo na siku nyingi zilizofuata, wengine mpaka leo. Wamoja walisema alifanya vizuri, tena alifanya sawa na mtu aliyelelewa. Daftari lile lingepanda gari, lingepita ofisi moja na nyingine, na siku moja wangekuja watu wenye bunduki kumchukua baba mwenye watoto wadogo. Je, kijana alipewa elimu ili awe jicho la wengine juu ya nyumba yake? Walikumbusha pia kwamba wanafunzi wamekuja Vitshumbi mara mingi, wakauliza maswali, wakala samaki wetu, wakaondoka na madaftari, na hakuna hata mmoja aliyerudi kutusomea alichoandika. Daftari linaenda, halirudi. Kwa nini tulilishe na damu yetu?

Wengine walijibu kwa ukali. Mmoja wetu, ambaye ndugu yake ni gardi wa Parki, alisimama. Akakumbusha kwamba magardi wengi wamekwisha kuuawa Virunga. Baadaye, magardi 12 walipouawa 24 Aprili 2020 karibu na Rumangabo, na wengine sita 10 Januari 2021, tuliyarudia maneno yake. Wengi wa wale ni wana wa jimbo hili hili. Hawakutoka mwezini. Alisema: «Mnamhurumia baba wa watoto. Huyu naye si baba wa watoto?» Hakuna aliyejibu haraka.

Baba mdogo mwenyewe aliitwa. Hakukataa. Alikuja amevaa shati safi, akasalimia wazee kwa mikono miwili, akasema: «Bazee, sikuua. Nilikuta wamekufa, nikakata nyama. Mungu akikuwekea nyama njiani utaipita?» Watu wakacheka, moyo ukashuka. Jibu lilitufaa wote: kijana hakusema uongo, mjomba hakuua, wazee hawakutoa mtu. Akatozwa faini ya kijiji, tukaenda kula. Tulijiona tumefanya hekima.

Hakuna aliyemuuliza: walikufa na nini?

Swali hilo lilitungojea. Aprili 2025 habari zikatoka mto Ishasha: viboko wanaelea tumbo juu. Mkuu wa Parki, Emmanuel de Merode, akatangaza kwamba wasiopungua 50 wamekufa, pamoja na nyati, na vipimo vimeonyesha kimeta. Viboko walikuwa wamepanda tena pole pole mpaka karibu 1,200, na ndani ya siku chache hasara ile. Watu walitakiwa kuwatoa majini na kuwazika, lakini kufika kule na vifaa ilikuwa shida kubwa. Wakaaji wakaonywa wasiguse wala kula mnyama aliyekufa, na maji wayachemshe.

Kimeta si ugonjwa mgeni. Kinakaa ndani ya udongo miaka na miaka, na maji yakishuka wanyama wanakipata kwa kula na kunywa palipo karibu na udongo huo. Ziwa letu limekwisha kukiona: mwaka 2004 kiliua viboko wengi upande wa Uganda, na tena mwaka 2010. Mtu anayechuna mzoga, mama anayekata nyama, mtoto anayekula isiyoiva vizuri, wote wanaweza kuchukua. Tulipoisikia habari hiyo hapa Goma, tulitazamana. Kila mmoja alikuwa anafikiria ule mstari mweupe.

Wakati ule hakuna aliyeugua. Tumshukuru Mungu. Lakini tunapaswa kukubali kwamba hatukulinda watu kwa hekima yetu. Tulimlinda mtu mmoja tuliyemjua, na gharama tukaiweka juu ya watu tusiowafikiria: mama aliyenunua kipande sokoni kwa mtu wa tatu, asijue kimetoka mzoga gani. Yeye naye ni wa kwetu. Tatizo la kumfichia ndugu ni kwamba kila mara unamfichia ndugu mmoja dhidi ya ndugu mwingine, ila yule wa pili hakai mbele yako na shati safi.

Je, basi kijana angeandika? Wamoja wetu sasa wanasema ndiyo, bila swali. Sisi wengine bado tunasitasita, na tungependa kueleza kwa nini. Kama angeandika katika daftari lile, namba ya mtumbwi ingefika mbali, na ile habari ya mizoga miwili isiyo na jeraha la risasi isingerudi kijijini hata siku moja. Ofisi ingepata mkosaji, soko lisingepata onyo. Tuliogopa daftari kwa sababu halikuwa linaongea nasi. Na kwa kuwa tuliliogopa, hatukulitumia hata kwa jambo ambalo lingeokoa watoto wetu. Desturi ya kutohesabu ilitufundisha kumjua aliyekosekana kwa jina lake. Sasa viboko hatukuwajua kwa jina, wala hatukutaka kuwajua kwa namba. Tulibaki bila macho yote mawili. Mfugaji angalau anajua ng'ombe gani hajarudi.

Muzee aliyesema «anayekuhesabu anakutafutia sababu» ni mmoja wa wale waliobadilika, ijapokuwa hatakubali kusema amebadilika. Mwaka huo wa 2025 alimtumia kijana ujumbe huku Goma kupitia simu ya mjukuu. Alisema kama siku moja wataruhusiwa kwenda tena mtoni na daftari, aende. Lakini aende na mawili. Moja la chuo, moja la barza, yaandikwe maneno yale yale, mbele ya ukingo ule ule, na la barza lisomwe kwa sauti siku ya soko, mizoga kwanza. Kijana akamuuliza, na namba za mitumbwi je?

Muzee alikaa kimya kwenye simu mpaka tukafikiri mtandao umekatika. Halafu akasema zisomwe pia, na ya kwake ikiwa ya kwanza.

Daftari la zamani bado kijana analo, mistari ya penseli inaanza kufutika. Baba mdogo alikimbilia Goma kama sisi, anauza makala ya moto kandokando ya barabara. Wiki iliyopita aliliomba, akatafuta ukurasa ule, akaomba kalamu ya bic, akaandika mwenyewe namba ya mtumbwi wake katika nafasi iliyoachwa. Mtumbwi wenyewe umekwisha potea vitani. Akarudisha daftari, akauliza kama tumekula.